Mwanamume Mwenye Jogoo Mweusi

Bwera, 3 Machi 2014

Mwanangu Jamira,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la Kasese kiwe kimekuacha. Huku tu salama, ila goti langu linanuna kila asubuhi. Naandika kwa sababu simu za huku zinarukia mtandao wa Kongo na kumeza salio kabla sijamaliza salamu.

Nina shida dukani. Mama Loyi wa Munkunyu, mjane wa Tefiro, amekuja kwangu. Shemeji yake Baluku anataka kumnyang'anya shamba. Mkataba wa kununulia uliharibika kwenye mafuriko ya mwaka jana, na Loyi hakumbuki mashahidi walikuwa akina nani. Mwenyekiti wa kijiji atawasikiliza Alhamisi ya wiki ijayo. Huo mkataba niliuchapa mimi, umo ndani ya kompyuta. Tukipata majina ya mashahidi, amepona.

Lakini unamjua baba yako. Watu wa mpakani ninaowachapia barua hawapendi jina lao likae kwenye kioo cha kompyuta kila mpita njia alisome. Kwa hiyo barua ya mtu naiita kwa kitu alichokuja nacho: mama-mwenye-mwavuli, kijana-na-betri. Faili zimepita elfu nne. Zamani mtu akiingia tu, namkumbuka na mwavuli wake. Safari hii sikumbuki. Nimefungua moja moja siku tatu, nimefika mia mbili.

Wewe ndiye mtu wa kompyuta, nisaidie. Barua hii inakuja na Wahab, kwenye gari lake la ndizi.

Baba yako,
Abdunoor


Kasese, 5 Machi 2014

Baba yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Kikohozi kimekwisha, pole na goti. Lipake mafuta niliyokuachia, usiyaweke tu kabatini.

Acha kufungua moja moja, utaumiza macho bure. Jina la faili liache, tafuta maneno yaliyomo ndani. Wala usitoke kwenye programu yako ya kuandikia. Bonyeza Esc, kisha chapa mstari huu, halafu Enter:

:e tafuta

Utapata karatasi tupu. Hapo chapa:

:r !grep -ril loyi ~/barua

Angalia sana nafasi na vistari. Hiyo grep itasoma barua zote, iwe herufi kubwa au ndogo, na kukuandikia orodha ya zile zenye neno Loyi. Hifadhi kwa :w kama kawaida yako. Kisha peleka kishale juu ya jina moja, bonyeza g halafu f, na barua yenyewe itafunguka.

Baba, jambo jingine. Wahab ameniletea barua mbili, anasema moja ulimpa Jumatatu na nyingine jana. Zina maneno yale yale, hata la goti. Nilicheka kwanza, halafu kicheko kikaniishia. Uko sawa?

Binti yako,
Jamira


Bwera, 8 Machi 2014

Mwanangu Jamira,

Asalaam aleikum. Mafuta nimeyapaka, usinigombeze.

Mara ya kwanza mashine ilinikatalia kufungua, kumbe nilisahau kuhifadhi. Mara ya pili ikakubali. Elfu nne zile ilizipitia kabla sijavuta pumzi. Orodha ikaja na majina mawili tu, na yote mawili ni ya barua nilizokuandikia wewe juu ya Loyi. Nikazisoma. Ni zile zile kweli. Hiyo ya pili sikumbuki kuiandika hata kidogo.

Basi nikuambie, maana wa kumwambia sina mwingine. Imeanza miezi kadhaa. Juzi nilimwuliza Loyi jina lake mara tatu, akanijibu mara tatu bila kununa. Naona aibu, mwanangu. Na naogopa. Mama huyu atapoteza shamba kwa sababu kichwa changu kinavuja.

Baba yako,
Abdunoor


Kasese, 9 Machi 2014

Baba yangu,

Waaleikum salaam. Nimesoma barua yako nikalia jikoni, nikamaliza. Usione aibu mbele yangu. Uliniosha pua mimi nilipokuwa mtoto.

Sasa tumsaidie Loyi. Shamba alinunua mumewe, huenda jina la mama halimo kabisa. Muulize mipaka: kuna nini pembeni mwa shamba? Mkataba wa ardhi hautaji watu tu, unataja mpaka pia. Akikuambia, weka neno hilo pale palipokuwa na loyi.

Jumamosi nakuja, tutaenda kwa daktari pamoja.

Binti yako,
Jamira


Bwera, 14 Machi 2014

Mwanangu Jamira,

Asalaam aleikum. Kaa kwanza, nikusimulie.

Loyi alisema upande wa chini kuna mfereji wa maji. Nikaweka neno mfereji. Zikaja faili sita. Ya nne inaitwa mwanamume-mwenye-jogoo-mweusi. Loyi alipoliona jina hilo kwenye kioo akakaa chini sakafuni. Jogoo yule walikuja kumuuza siku hiyo, na Tefiro alikataa kumweka chini muda wote nikichapa. Mimi nilikuwa nimesahau, lakini nilikuwa nimeandika.

Mashahidi ni Samsoni, ambaye amekwisha kufariki, na Tumwesigye, aliyehamia Maliba. Jana Tumwesigye alikuja na bodaboda, akasimama mbele ya mwenyekiti, akaonyesha mpaka hadi kwenye mfereji. Mwenyekiti akaamua papo hapo. Shamba ni la Loyi. Ameniletea mkungu wa matoke ambao siwezi kuumaliza peke yangu.

Ukija kesho, niandikie karatasi ya maelekezo nibandike juu ya kompyuta. Ya siku ambayo nitakuwa nimesahau zaidi ya hapa.

Baba yako,
Abdunoor


Kasese, 21 Machi 2014

Baba yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Nimefika salama. Dawa alizokupa daktari ni moja asubuhi na moja jioni, Wahab atakuuliza kama umemeza.

Karatasi uliyoomba mkono wangu ulikataa kuiandika nikiwa mbele yako. Hii hapa, kwa herufi kubwa. Ibandike.

UKITAKA KUANDIKA BARUA NA HUJUI UMWANDIKIE NANI, CHAPA HIVI:
:r !grep -ril 'mwanangu jamira' ~/barua

Binti yako,
Jamira


Bwera, 6 Novemba 2017

Kwako Jamira,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima. Nisamehe kama nakosea salamu.

Leo asubuhi nilikaa dukani nikiwa na hamu ya kumwandikia mtu, na sikujua ni nani. Juu ya kompyuta kuna karatasi imeanza kuwa ya njano. Nikachapa kama ilivyosema. Yakaja majina mia moja na kumi na mbili, yote ya mtu mmoja: aliyekuja-na-mvua-1, aliyekuja-na-mvua-2, hivyo hivyo hadi mwisho. Nimezisoma kutoka asubuhi hadi alasiri. Ndani ya barua ya tisa nimeeleza kwamba siku uliyozaliwa mvua ilinyesha Bwera baada ya miezi mitatu ya jua, na nilikupokea nikiwa nimelowa.

Kwa hiyo nina binti. Nimefurahi sana.

Hii nimeihifadhi kuwa ya mia moja na kumi na tatu. Njoo unione. Ukiingia mlangoni nikakutazama tu, usihuzunike. Taja jina lako, nami nitalitafuta.

Baba yako