Kwa Nini Mlangoni Hatuandiki Yatima

Mjukuu wangu Furaha,

Salamu zangu zikufikie huko Mbarara. Bibi yako ni mzima, na mahindi yamekomaa. Mimi ndiye ninayekosa utulivu, kwani wageni wanaotaka kutujengea madarasa watafika kesho kutwa, nawe unauliza kwa nini mlangoni hatuandiki kwamba shule yetu ni ya yatima.

Tulipoianzisha hapa kambini Nakivale, nikiwa bado kijana, tuliliandika neno hilo kwa rangi nyekundu. Asubuhi ya kwanza hakuja mtoto hata mmoja. Nikaenda kwa Mama Neema, jirani aliyelea watoto wa marehemu dada yake pamoja na wanawe, nikamwomba awalete yatima wake.

"Yatima nani, Mwalimu?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao, huku akisonga ugali. "Aba bote ni batoto yangu. Huyu anakulaka kunipita mimi mwenyewe, njo anaitwa yatima?"

Watoto wote wakacheka, nami sikuweza kuwatambua niliowafuata. Nikarudi, nikalifuta neno lile. Kesho yake Mama Neema aliwaleta wote, na nyumba nyingine zikafuata.

Sasa wageni wameomba yatima wasimame kando, wapigwe picha. Madarasa tunayahitaji mno. Mvua inatunyeshea ndani. Tangu alfajiri nazunguka uani nikitafuta maneno ya kuwaambia. Moja tu nimeliamua: watoto watasimama pamoja, na atakayetaka kuwatenga awatenge mwenyewe, mbele ya mama zao.

Ni mimi, babu yako akupendaye.