Yule Mama Ameenda Kuleta Maji

Hooyo,

Nimechoka. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, mama yangu, kwa sababu wewe ungeliona usoni mwangu nikiwa bado mlangoni. Ule uhamisho kutoka Takaba niliouomba miaka yote ukiwa hai umekuja miezi minne baada ya wewe kuzikwa. Sasa mimi ni muuguzi hapa hapa Garissa, dakika kumi kutoka nyumbani kwako. Ulipofariki nilifika baada ya siku mbili barabarani, nikakuta udongo umeshakauka.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichotafsiria ile picha ya video, ili majirani, Mama Dabaso na Kiborana chake na yule mke wa mwalimu, waelewe pia. Kila Ijumaa baada ya alasiri mlijazana nyumbani kwetu kwenye mikeka, kanda ikawekwa, nawe ukasimama kando ya televisheni na mswaki wako wa mti mdomoni, unatueleza wazungu wanasema nini. Uliishia darasa la sita. Kiingereza chako kilikuwa cha kubahatisha, lakini nani angethubutu kukuuliza?

Picha ilikuwa ile ile moja: binti anatumwa kwenye nyota ya mbali, ndani ya chombo ambacho hata mimi mtoto niliona ni bati lililopakwa rangi. Kule juu anaongea na mama yake kwenye kioo kama cha televisheni. "Hii ni uongo kubwa," ulisema. "Mtoto iko kwa nyota, utaona uso yake wapi?" Miaka ikapita, nikakununulia simu, ukawa unanipigia Takaba kwa video na kunionyesha sikio badala ya uso. Mara ya mwisho mtandao uliganda. Ulibaki umesimama hapo, mdomo wazi, nami nikajiambia nitapiga kesho.

Ijumaa iliyopita shangazi yangu Eedo Halima, dada yake Aabo, aliomba tuitazame tena. Macho yake yamefifia, anaona mwanga tu. Nikaitafuta kwenye mtandao, wakaja wale waliobaki, watano, wakaniambia nisimame mahali pako. Bati lile bado ni bati, Hooyo, lakini binti alipokiwasha kioo hakuna aliyecheka.

Nilitafsiri vizuri tu hadi mwisho. Binti anarudi, anafungua mlango wa kwao, kiti cha mama yake ni kitupu. Hapo ndipo uliposema siku zote, "Ameenda kuleta maji. Sasa hifi atakuja." Tukarudi majumbani tumeridhika. Lakini sauti inayosikika pale haisemi hivyo. Inasema huku duniani imepita miaka arobaini. Mama alishakufa. Binti amechelewa.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Ungeniambia mapema kwamba mtu anaweza kurudi na asimkute mama yake, labda ningepiga simu usiku ule ule.

"Mbona umenyamaza?" Eedo akauliza. "Mama yake iko wapi?"

Mimi niliyesoma Kiingereza hadi chuo nikasema, "Ameenda kuleta maji."

"Sasa hifi atakuja," wakaitikia wote pamoja, kama wanaitikia dua.

Baadaye nikimsaidia Eedo kuvaa viatu, akanishika mkono. "Mke ya mwalimu alituambia mwisho ya kweli zamani sana," akasema. "Mama yako alijua. Sisi yote tulijua. Lakini nani hapa hana mtoto mbali? Tulimwambia asibadilishe hiyo ya maji."

Nililia nikiwa nimepiga magoti pale kwenye viatu, Hooyo. Sikujua kwamba miaka yote niliyokuwa mbali ulikuwa unanisubiri.

Nisamehe kwa kuchelewa. Ijumaa hii niko zamu ya asubuhi. Nitapita kwanza makaburini nikuombee, kisha nitasimama kando ya televisheni na nitayasema maneno yale vile vile ulivyoyasema. Hilo nakuahidi, Ijumaa hii na zinazofuata, nikiwa nimechoka au la. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Kiti chako sijakiondoa. Anayeingia akiuliza uko wapi, najua la kumjibu.

Binti yako,
Sahara