Muhogo wa Siku Moja

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimu toka huku mujini Baraka. Tuko wazima, mama yako anauza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, mimi magoti tu ndiyo yananiuma. Unauliza kama mafundisho ya mapinduzi na uchumi wa siasa ni somo moja. Mi sikusoma, lakini nilionaga kitu.

Ujana wangu tuliishi na wapiganaji katika milima ya Fizi. Komisere wao, mwalimu wao wa siasa, alifundisha kila asubuhi kama kazi ndiyo inazaa utajiri wote. Njaa ilipokaza, aliamuru bamama watoe mihogo ndani ya maji ya mto, batwange. Ilikuwa imelala siku moja tu. Mihogo yetu ni michungu. Isipomaliza siku tatu ndani ya maji, inaua.

Mama yangu akakataa. Komisere akamuelekezea bunduki.

"Unapinga mapinduzi?"

"Hapana, kamaradi. Mapinduzi yaonje kwanza."

Akamunyooshea kipande cha muhogo ule. Yule bwana akaangalia kipande, akaangalia mikono yake mwenyewe, laini, isiyojua jembe, akashusha bunduki.

Kesho yake hakufundisha. Alishuka mtoni na daftari, akakaa chini mbele ya mama yangu.

"Anza mwanzo," akasema. "Muhogo unapandwa namna gani?"

Koko wako