Nilivyowazimia Watu Moto wa Ijumaa

Stockholm, Desemba

Mama yangu mzazi,

Shikamoo Mama. Mguu umepungua kuvimba? Na kifua cha baba, mvua za Desemba hazikisumbui? Sisi tu wazima, mimi, mkweo Eliya na mjukuu wako Neema. Anatambaa sasa, na ameota meno ya chini. Akicheka anayaonyesha kama mtu aliyevaa saa mpya.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningenyamaza tu. Mwambie Josia akusomee chumbani, mlango umefungwa. Na wewe Josia mdogo wangu, usicheke mpaka ufike mwisho.

Mama, unajua tulihama Norsborg, tulipokuwa tunalala sebuleni kwa binamu yake Eliya. Tulipata chumba kwenye nyumba ndogo ya wanafunzi wa chuo anachosoma Eliya. Iliachwa wakfu na familia ya Kiyahudi na bado inafuata desturi zao, ingawa wanaokaa humo ni mchanganyiko wa Wayahudi na wengine. Jiko ni moja, liko chini, tunatumia wote. Kuna upande wa nyama na upande wa maziwa, na vyombo havikutani. Hayo Eliya alinieleza siku ya kwanza, nikayashika kama amri kumi. Wayahudi nimewasoma kwenye Biblia tangu shule ya Jumapili, sikudhani nitakuja kupika nao jiko moja.

Shida ni kwamba nyumba ile si ya watu wenye watoto. Walituhurumia mpaka mwisho wa mwaka, na kabla haujaisha wakae kikao waamue kama tubaki. Kwa hiyo nilikuwa naishi kwa kunyata. Neema akifungua mdomo alie, nampa ziwa haraka.

Sasa Ijumaa moja. Huku majira haya saa tisa mchana jua limeshazama. Nikashuka kupasha uji wa Neema, jikoni hamna mtu. Juu ya jiko la umeme kuna sufuria kubwa ya maharage na nyama, moto mdogo unawaka. Taa nazo zinawaka ukumbini, kwenye ngazi, hata chooni. Nikasema, watoto wa watu wamesahau. Mama, fimbo zako nazikumbuka. Ulikuwa ukisema moto usiotazamwa hutafuta chakula chake wenyewe. Nikazima jiko. Nikaifunika sufuria kwa taulo isipoe. Nikapita nazima taa moja moja mpaka ile ya chooni, nikapanda na uji wangu, moyo mweupe, nimewaokolea nyumba.

Kumbe hawakusahau. Sabato yao inaanza jua likizama Ijumaa, na mpaka Jumamosi jioni hawawashi kitu wala kuzima. Wanaviacha vikiwaka makusudi. Hilo Eliya hakunieleza.

Waliporudi kutoka kusali nikasikia viti vinagongana gizani. Kisha hodi. Alikuwa Miriam, dada anayesomea ualimu, ndiye mpishi wao na ndiye aliyenizoeza hapa. Neema analia nyuma yangu. Miriam akaongea Kiswidi cha polepole ili nimwelewe.

"Huko chini ni giza. Na bibi yangu amekuja leo."

"Pole, dada."

Akaongeza, "Chakula nacho kimepoa."

"Ni mimi nimezima," nikamwambia, tena natabasamu. "Usiogope, nyumba haitaungua."

Akaniangalia kidogo, akashukuru, akashuka.

Kesho yake jioni Eliya akarudi kutoka kazini, chini wameshamweleza. Akakaa kitandani kashika kichwa. Kwa dini yao Miriam hakuweza hata kuniomba niwashe. Aliweza kudokeza tu. Mama, mimi niliyeishi kwa mama mkwe, ambaye akisema "wingu hilo" najua nikaanue nguo! Nimesimama mlangoni nampa mtu pole, na kikongwe anakula mkate gizani kavaa koti.

"Na kikao ni wiki ijayo," Eliya akasema.

Wiki ile sikushuka mpaka nisikie hakuna nyayo. Miriam alinisalimia kwenye ngazi, nikajibu nikitazama viatu vyake. Neema alikula mkate wa kulowekwa, uji niliogopa kwenda kuupasha.

Siku ya kikao nilibaki kwenye ngazi, Neema mgongoni. Kijana mmoja akasema kwa upole kwamba masomo na kilio cha mtoto haviendi pamoja. Nikaanza kufikiria sebule ya Norsborg. Ndipo Miriam akasema, "Wakiondoka hawa, nani atatuzimia moto?"

Wakacheka, hata yule kijana. Miriam hakucheka. Akasema bibi yake mara ya mwisho kula chakula cha Sabato gizani alikuwa mtoto, wakati wa vita, wamejificha. "Ameniambia safari hii ilikuwa tofauti. Juu kulikuwa na mtoto analia, na hakuna aliyeogopa."

Mama, wewe unayajua maneno hayo kuliko mimi. Ulinibeba tukikimbia Burundi, ukaniziba mdomo kwa ziwa usiku tunavuka mpaka. Na mimi hapa, mahali pa amani, nilikuwa namziba wangu.

Tunabaki mpaka Eliya amalize masomo. Nilimwomba Miriam msamaha, akanikumbatia, na aibu ikazidi. Angenigombeza ningepona upesi. Lakini naamini itaisha, na Kiswidi kitakuja.

Nisalimie baba. Mama mkwe mwambie sasa nasikia hata lisilosemwa. Shangazi aliyenipa mbeleko mwambie haijachanika. Mambo haya yasifike kanisani.

Ijumaa nikipita jikoni nikaona moto ule unawaka peke yake, mkono bado unaniwasha, Mama. Basi naipeleka mikono yote miwili nyuma, namshika Neema mgongoni, napita. Na akilia, namwacha alie.

Ni mimi mwanao uliyemlea vizuri mno,
Mama Neema