Chupa ya Mwisho Uliyoitengeneza

Kendi rafiki yangu,

Naandikia juu ya goti, kwa hivyo usinicheke mwandiko.

Tangu tukuzike Timau kwenye baridi ile, meza yako hapa maabara ya Embu haijakaliwa na mtu. Profesa anasema tutafute mwanafunzi mwingine. Huwa naitikia, kisha natoka kwenda kunywa chai.

Nilipeleka sampuli zetu Nairobi, kwa ile hadubini ya elektroni uliyosema siku tukiipata utavaa viatu vya Jumapili. Niliogopa nilichokiona. Chembe zetu za nano, vile vifuko vya mafuta vya kubebea dawa ya kifua kikuu, vilikuwa vimebonyea kama mipira iliyotobolewa. Fundi wa mashine akaniuliza, "Una uhakika zilikuwa nzima?"

Huenda vilipasuka tulipokausha tone ili lipigwe picha. Au vilipasuka zamani, humo chupani, na kazi yako yote ilikuwa bure. Njia ya kujua ilikuwa kuligandisha tone ghafla likiwa bado bichi, lipigwe picha likiwa barafu. Lakini jaribio hilo hurudiwa mara nyingi, na lingemaliza chupa ya mwisho uliyoitengeneza wewe. Kila asubuhi nilifungua friji, nikaitazama, nikafunga. Nayo ilikuwa inazeeka, na vifuko hivyo havidumu.

Mwishowe nilienda kwa mama yako. Alikuwa ametoka kazini kwenye shamba la maua, hata gamubuti hajavua. Nilimweleza yote, na kwamba picha zikitoka mbaya itabidi niseme mbele ya watu kuwa ulikosea. Aliendelea kumenya viazi.

"Sasa Rukia, hiyo dawa inangoja nani?" akasema. "Si aliitengeneza itumike?"

"Na wakisema alikosea, Mama?"

"Watasema. Kwani hakuwa mtu?"

Nikarudi Embu, nikaitoa ile chupa kwenye friji, nikaipeleka Nairobi.

Picha zilitoka jana. Ni vizima, Kendi. Vya mviringo, na ukuta wao mwembamba unaonekana pande zote. Ni kule kukausha ndiko kulikovipasua. Profesa alicheka peke yake. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi, maana chupa imeisha na zote zinazofuata zitatoka kwa mkono wangu. Leo nimejaribu ya kwanza. Imekatika kama maziwa yaliyochacha. Nilikusikia kabisa ukisema, "Polepole, Rukia. Unakoroga uji?"

Sijui kama nitaweza. Wewe ulikuwa unajua kwa kuangalia tu, na hukuwahi kuniambia unaangalia nini.

Pumzika, dada. Kesho nitaanza upya. Nakuahidi kitu kimoja: kila picha nitaionyesha jinsi ilivyo. Vikiwa vizima, nitasema tulivitengeneza sisi wawili. Vikipasuka nitasema vimepasuka, hata mbele ya watu.

Wako,
Rukia