Ukungu wa Chumba cha Baridi

Guangzhou, Januari 2007

Mdogo wangu Nahla,

Salamu kwako na kwa mwanao, ambaye nasikia ameshaota meno. Barua hii anakuletea Maulida anayepanda ndege kesho. Kwenye simu ningeshindwa kuyasema haya.

Juzi nilikwenda mtaa wa maduka wa Yide Lu nikamnunulia mtoto treni ya plastiki. Vitunguu thomu bado viko kwenye chumba cha baridi, hatujavipeleka bandarini Nansha, kwa sababu makasha yake ya mbao yameota ukungu mweupe kama pamba. Mimi na mumeo Murshid tuliona dawa ni kuzidisha baridi, maana sisi tumezoea kuwa kitu hakiharibiki kwenye friji. Kumbe ukungu huu unaipenda hiyo baridi. Kila tukifungua mlango, umezidi kuenea. Murshid akawa anaufuta kwa kitambaa kikavu, siku tatu nzima, mlango kaufunga ili baridi isitoke.

Unaniuliza mbona hapigi simu. Amelazwa, Nahla; ukungu umemwingia mapafuni. Hamalizi sentensi bila kukatika pumzi.

Sasa nisikilize vizuri. Makasha tuliyokuletea yenye vikombe mwezi wa kumi yalitoka chumba hicho hicho. Uliniandikia kwa furaha kwamba fundi ameyapasua akamtengenezea mtoto kitanda. Mtoe mtoto humo sasa hivi, kabla hata hujaanza kulia.

Na akikohoa, usiseme ni vumbi. Murshid naye alisema ni vumbi tu.

Kaka yako,
Abdulwakil