Chokoleti za Mgonjwa

Ndugu Kalin, Baraza Kuu la Wachokozi linatangaza ushindi wa kihistoria.

Hapana, futa hiyo. Naogopa.

Unajua mama kila akitoka zamu hurudi na boksi la chokoleti alilopewa na mgonjwa. Leo nilizitoa za ndani nikaweka punje za kitunguu saumu nilizozichovya kwenye chokoleti. Mbinu ile ile tuliyomfanyia matroni bwenini.

Mama kala tatu. TATU, Kalin. Anatafuna huku anatazama ukuta.

Nikamuuliza, "Tamu, daktari wangu?"

"Tamu, mwanangu."

Hakuwa anatania.

Mara simu ikalia, ya kutoka hospitali. Mpasuaji mwenzake kahamia Ujerumani na zamu yake haina mtu. Mama hajalala tangu juzi, na bado kasema, "Nakuja." Kasema nakuja!

Nikaficha funguo za gari ndani ya soksi niliyovaa. Akanyoosha mkono bila hata kunitazama.

"Radko, zitoe. Unachechemea."

Basi nikakiri. "Mama, umekula kitunguu saumu ukasema tamu. Mimi ndiye niliyekiweka. Sasa utampasuaje mtu tumbo?"

Nikangoja kofi. Halikuja. Alinusa vidole vyake, akanusa tena, akakaa sakafuni na koti lake mwilini.

"Jana nilimshona mtu," akasema. "Sikumbuki nilivyomaliza."

Kisha akanikabidhi simu.

"Wapigie wewe, uwaambie siji. Nikiongea mimi, nitasema nakuja."